Mfadhili Akiondoka, Mzee Abaki na Nini?



Maswali mengi tunayoyapokea katika ukurasa huu ni ya homa, kikohozi na vidonda vya tumbo. Lakini siku hizi lipo swali jingine linalotufikia mara kwa mara kutoka vigangoni, hasa kutoka kwa akina mama wa WAWATA na viongozi wa jumuiya ndogondogo. Wanauliza: "Tunao wazee wengi wasio na msaada. Tutampataje mfadhili wa kutusaidia kuwatunza?"

Huenda mtu akasema kwamba jambo la wafadhili ni la mweka hazina, wala halihusu ukurasa wa afya. Sisi nasi tulidhani hivyo zamani. Tulibadili mawazo baada ya kuona kwa macho yetu jinsi fedha nzuri, zilizotolewa kwa moyo mzuri na kutumiwa kwa uaminifu, zilivyomwacha mzee katika hatari kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo mwanzo. Tuanze na habari hiyo.

Kikundi kilichofanya kila kitu vizuri

Katika parokia moja tunayoifahamu, kikundi cha waamini kilipata ruzuku ya mwaka mmoja kwa ajili ya wazee. Kila Jumatatu baada ya Misa ya asubuhi wazee walikusanyika katika ukumbi. Walipimwa shinikizo la damu, wakapewa uji, na wale wenye shinikizo la juu wakapewa vidonge vya wiki nzima bila malipo. Sisi wenyewe tulikuwapo siku ya uzinduzi na tulipiga makofi pamoja na wengine.

Wazee wengi waliokuwa wakichukua dawa zahanati waliacha kwenda huko. Kwa nini watembee kilomita saba wakati dawa ipo karibu na kanisa? Jambo hilo lilionekana kuwa baraka.

Mwezi wa kumi na tatu kabati lilikuwa tupu. Fedha hazikuibwa hata senti moja. Hesabu zilikaguliwa, stakabadhi zote zilikuwapo, na mfadhili alituma barua ya kushukuru. Mradi ulikuwa umefika mwisho wake, basi. Bibi mmoja wa miaka 71 alianza kukata vidonge vyake nusu ili vimfikishe mbali. Vilipokwisha alikaa bila dawa, maana hakusikia maumivu yoyote. Baada ya wiki chache binti yake alimkuta asubuhi mdomo umepinda na mkono wa kulia hauinuki. Alikuwa amepatwa na kiharusi. Yu hai hadi leo, lakini analishwa kwa kijiko.

Wapo waliosema ni mapenzi ya Mungu. Sisi hatuthubutu kusema hivyo. Tunasema kwamba tulipanga vibaya. Tulifunga dawa ambayo mtu huimeza kila siku, aghalabu kwa maisha yake yote, kwenye fedha zilizojulikana tangu mwanzo kuwa ni za miezi kumi na miwili tu. Hilo ndilo somo la mwezi huu.

Ruzuku ni nini?

Ruzuku ni fedha ambazo shirika, serikali au mfuko fulani hukipa kikundi kwa kazi maalumu, kwa muda maalumu, bila kudai zirudishwe. Mambo matatu katika maelezo hayo yashikwe vizuri.

Kwanza, hazirudishwi. Hapo ndipo ruzuku inapotofautiana na mkopo. Kwa mfano, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri zetu huitenga kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Tena wazee, kwa uzee wao peke yake, hawakutengewa fungu humo. Kikundi kinachotaka fedha hizo kielewe kabla ya kutia sahihi.

Pili, ni za kazi maalumu. Hapo ruzuku inatofautiana na sadaka. Fedha zilizotolewa kwa ajili ya miwani haziwezi kununua mabati ya ukumbi, hata kama mabati yanahitajika sana. Kama hali imebadilika, mfadhili huandikiwa barua kwanza na jibu lake husubiriwa.

Tatu, ni za muda. Ruzuku ina siku ya kuanza na siku ya kwisha, nazo zote mbili huandikwa katika mkataba. Jambo hili la tatu ndilo vikundi vingi husahau katika furaha ya kupokea hundi ya kwanza.

Mahitaji ya mara moja na mahitaji ya kila siku

Kabla ya kumtafuta mfadhili yeyote, kaeni chini mwandike mahitaji ya wazee wenu katika safu mbili. Safu ya kwanza iwe ya mambo yanayofanyika mara moja na faida yake ikabaki. Safu ya pili iwe ya mambo ambayo lazima yarudiwe kila siku au kila mwezi.

Katika safu ya kwanza tutaweka upasuaji wa mtoto wa jicho. Ugonjwa huu ndio unaoongoza kwa kuleta upofu duniani, na wengi wanaoupata ni wazee. Mboni huonekana kama ina ukungu, na mzee huona kama anatazama kupitia moshi. Upasuaji wake ni mfupi: daktari huondoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine ya bandia. Mzee aliyekuwa akishikwa mkono kwenda chooni anaweza kurudi kuchambua mboga mwenyewe. Mfadhili akiondoka, macho yanabaki. Angalizo ni moja: si kila mzee asiyeona vizuri ana mtoto wa jicho. Wengine wana shinikizo ndani ya jicho, na uoni ulioharibiwa na ugonjwa huo haurudi, ingawa matibabu huweza kuuokoa ule uliobaki. Kwa hiyo wote wapimwe na mtaalamu wa macho kwanza, ndipo idadi ya upasuaji iandikwe.

Katika safu hiyo hiyo tutaweka miwani ya kusomea, magongo ya kutembelea, na vishikizo vya mbao au chuma katika vyoo na bafu. Mzee akianguka akavunjika nyonga, mara nyingi hasimami tena kama zamani. Akilala kitandani muda mrefu hupata vidonda vya mgongoni na nimonia. Kishikizo kimoja ukutani, sakafu isiyoteleza na taa ya usiku huzuia mengi. Tutaweka pia mafunzo ya wale wanaowahudumia wazee nyumbani: jinsi ya kumgeuza mgonjwa, kumwogesha, kumlisha asipaliwe, na kutambua dalili za kiharusi. Mafunzo yakishaingia kichwani hayachukuliwi na mtu.

Katika safu ya pili tutaweka dawa za shinikizo la damu na za kisukari, chakula, sabuni, nauli ya kwenda kliniki, na posho ndogo ya yule anayemtembelea mzee asiye na ndugu. Hayo hayana siku ya kwisha. Mtu mwenye shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi, lililothibitishwa kwa vipimo vya siku tofauti, huambiwa na daktari wake anywe dawa kila siku. Akiacha, shinikizo hupanda tena bila kupiga hodi, na ziko dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari zaidi.

Kanuni yetu basi ni hii: ruzuku igharimie safu ya kwanza. Safu ya pili ibebwe na kitu kisichokwisha, yaani haki za mzee serikalini, familia yake, na mfuko wa parokia yenyewe. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mzee anayetegemea kidonge cha mradi peke yake hufa mapema.

Je, fedha za kila mwezi hazifai kamwe?

Msomaji atauliza: mbona yapo mashirika yanayowapa wazee fedha kila mwezi? Ni kweli, na tunaujua mfano mzuri hapa nchini. Huko Nshamba, Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003. Wakati ule Ukimwi ulikuwa umewaacha bibi wengi na wajukuu yatima mikononi. Mradi ulianza kuwapa wazee maskini, wengi wao wanawake, pensheni ndogo kila mwezi, na nyongeza kwa ajili ya mtoto anayelelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha wazee waliokuwa wakipokea pensheni hiyo, kiasi cha shilingi 6,000 hivi kwa mwezi, na wazee ambao hawakupokea. Waliopokea walikula vizuri zaidi, na waliweza kununua chumvi, sabuni na viatu vya shule vya wajukuu.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba fedha kidogo zinazokuja kwa uhakika zina nguvu kuliko fedha nyingi zinazokuja mara moja na kupotea. Mzee akijua kwamba mwezi ujao atapata, anaweza kupanga. Lakini shirika linaloanza kazi ya namna hiyo linajifunga kwa miaka mingi, na lazima liwe na marafiki watakaolichangia kwa miaka hiyo yote. Kikundi chenye ruzuku ya mwaka mmoja kisijaribu kuiga.

Mfano wa pili ni wa Zanzibar. Mwezi wa Aprili mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka katika bajeti yake yenyewe. Humo hamna mfadhili wa kufunga mkoba na kuondoka. Mzigo wa kila mwezi umewekwa juu ya mabega yanayoweza kuubeba.

Hatua za kufuata

Sasa tuwajibu waliotuuliza. Kama mnataka kuwasaidia wazee wa parokia yenu kwa njia ya ruzuku, tunawashauri mfuate utaratibu huu.

1. Wahesabuni wazee wenu. Kila jumuiya ndogondogo iandike majina ya watu wote wenye miaka 60 na kuendelea, maana huo ndio umri unaotambuliwa na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Andikeni nani anaishi peke yake, nani analea wajukuu, nani haoni, nani anatumia dawa ya kila siku na anaipata wapi. Msiwaache wasio Wakatoliki. Uzee hauulizi dini. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba nchi yetu ilikuwa na wazee zaidi ya milioni mbili na nusu. Lakini mfadhili hataki kujua wa nchi nzima, anataka kujua wa kwenu. Habari za ugonjwa wa mtu ni siri yake, basi daftari hilo litunzwe na mtu mmoja mwaminifu.

2. Fuatilieni haki zao kwanza. Sera za nchi zinaelekeza kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo katika vituo vya serikali, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Hata hivyo wazee wengi hawana kitambulisho, au hawajui pa kukipata. Nendeni pamoja nao kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ulizeni pia juu ya bima, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta taratibu mpya. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji miguu na uvumilivu.

3. Anzisheni mfuko wenu. Tuchukue mfano wa parokia yenye jumuiya 12, kila moja ikiwa na kaya 15. Hizo ni kaya 180. Kila kaya ikitoa shilingi 500 kwa mwezi, zitapatikana shilingi 90,000 kwa mwezi, yaani 1,080,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazitajenga hospitali, lakini zitalipa nauli za kliniki na kununua vidonge pale vinapokosekana zahanati. Haba na haba hujaza kibaba. Tena mfadhili akiona kwamba mmekwisha kuanza wenyewe, atawaamini.

4. Tafuteni mlango halali wa kupokelea fedha. Wafadhili wengi hawatoi fedha kwa mtu binafsi wala kwa kikundi kisichoandikishwa. Njia rahisi kwa parokia ni kupitia Caritas ya Jimbo, ambayo inao uzoefu na hesabu zake hukaguliwa. Kikundi kinachotaka kusimama chenyewe kinaweza kuandikishwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002. Lazima kiwe na katiba, uongozi uliochaguliwa, na akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja.

5. Chagueni mfadhili anayefanana na kazi yenu. Kila mfuko una shabaha zake. Misereor, shirika la maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani lililoanzishwa mwaka 1958, husaidia kazi za maendeleo za wenyeji maskini. HelpAge International, lililoundwa mwaka 1983, hushughulika na wazee na hufanya kazi na mashirika wenzi. Hapa nchini Foundation for Civil Society ilianza kazi mwaka 2003 ikitoa ruzuku kwa asasi za kiraia. Someni tangazo lote kabla ya kuandika. Na jihadharini na matapeli: anayewadai ada ya fomu au asilimia ya kutangulia ili awaletee mfadhili, huyo si mfadhili.

6. Andikeni maombi yaliyo wazi. Maneno makubwa hayasaidii. Andiko zuri hujibu maswali sita: Wazee gani, wangapi? Shida yao ni nini? Mtafanya nini, na nani atafanya? Itagharimu kiasi gani, nanyi mtachangia nini? Mtajuaje kwamba mmefaulu? Na baada ya ruzuku kwisha itakuwaje? Mtu akiandika "tunataka kuboresha maisha ya wazee", hajasema kitu. Lakini akiandika "wazee 9 waliopimwa na kukutwa na mtoto wa jicho watapasuliwa kabla ya mwezi wa sita, na parokia italipa nauli zao na za wasindikizaji", msomaji anaona kazi mbele ya macho yake.

7. Tunzeni hesabu kama mboni ya jicho. Kila matumizi yawe na stakabadhi. Fedha za mradi zisichanganywe na za parokia wala za mtu. Taarifa itumwe kwa siku iliyoahidiwa, hata kama kuna jambo lililoharibika. Mfadhili huweza kusamehe kuchelewa kwa mvua, lakini si rahisi asamehe kufichwa. Na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa kanisa, ili wazee wenyewe waone kilichofanywa kwa jina lao.

Siku ya mwisho ipangwe siku ya kwanza

Lile swali la sita katika andiko, la baada ya ruzuku kwisha, vikundi vingi hulijibu kwa sentensi moja: "Jamii itaendeleza mradi." Tunawasihi msijibu hivyo. Andikeni jina la kila huduma na jina la yule atakayeibeba. Kama mnapima shinikizo la damu, basi mzee aliyekutwa na shinikizo apelekwe zahanati na kuandikishwa huko tangu siku ya kwanza, apate dawa yake huko, nanyi kazi yenu iwe kumkumbusha na kumsindikiza. Kama kwa sababu yoyote mmeanza kutoa dawa, basi miezi mitatu kabla ya mwisho wa mradi kila mzee awe amekwisha kukabidhiwa kwa mganga wa kituo, jina kwa jina. Msimwache hata mmoja agundue kwa kukuta mlango umefungwa.

Nanyi mnaotunza wazee nyumbani, ikiwa dawa ya mzee wenu hutoka katika mradi wowote, ulizeni leo: mradi huu unakwisha lini, na baadaye dawa itatoka wapi? Si utovu wa adabu kuuliza. Na ikitokea mzee amepinda mdomo ghafla, mkono umelegea, au maneno yamekuwa mazito, msingoje kukuche wala msimpe dawa za kienyeji. Mpelekeni hospitali saa ileile.

Neno la mwisho kwa familia

Amri ya Nne haikuandikwa kwa ajili ya wafadhili. Iliandikwa kwa ajili ya watoto. Umoja wa Mataifa mwaka 1990 uliitenga tarehe 1 Oktoba kuwa siku ya wazee duniani, na Papa Fransisko mwaka 2021 aliweka siku ya mababu, mabibi na wazee katika Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana. Ni siku nzuri za kuimba na kutoa zawadi. Lakini mzee huhitaji dawa yake siku zote zilizobaki za mwaka.

Yule bibi tuliyemtaja hapo juu hutembelewa sasa na jumuiya yake kila Jumatano. Dawa yake hutoka zahanati, na nauli ya binti yake hutoka katika mfuko wa parokia ulioanzishwa baada ya yaliyompata. Mfuko huo ni mdogo, nao haujawahi kukosa mwezi hata mmoja. Laiti tungeuanza kabla.